Kopo Lililonukia Misonobari

Kopo lilikuwa halijafunguliwa. Mfuniko ulikuwa umekandamizwa pande zote, karatasi yenye picha ya radi na maandishi ya kigeni ilikuwa imebandikwa vizuri, na aliyeliuza alikuwa ameapa kwamba limetoka viwanda vya mbali, kwa watu wanaojua. Nililifungua kwa bisibisi mbele ya kamati nzima ya zahanati. Nikainama, nikanusa. Lilinukia misonobari ya Rongai na mafuta ya nyonyo yaliyopikwa kwa moto wa maganda ya kahawa.

Hiyo ilikuwa harufu ya karakana yetu. Nilikuwa nimeibeba kwenye nywele na vitenge kwa miaka mingi, hata kanisani watu walijua nimeingia kabla hawajageuka. Sasa ilikuwa imetoka ndani ya kopo la ng'ambo, na wote waliokuwa mle chumbani walikuwa wananitazama.

Naitwa Manka. Nimezaliwa Kilema, nikasuka mota na transfoma Njoro, Moshi mjini, mpaka macho yalipoanza kuukataa waya mwembamba. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, ambayo siku hizi mnaiita kuwaindi. Juzi vijana wawili wa chuo walikuja kwangu kunieleza kwamba duniani sasa watu wanatafuta ulimbo wa mimea wa kuhami vifaa vya elektroniki, badala ya ule wa petroli, kwa kuwa mti ukikamuliwa unatoa tena na ardhi haichafuki. Niliwapa chai, nikawasikiliza mpaka mwisho. Walidhani wananiletea habari mpya. Niliwaambia ninaamini nusu ya waliyosema. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayonifanya niandike.

Nina madaftari kumi na moja. Humo niliandika kila kifaa kilichoingia karakana: kimeletwa na nani, kinanukaje, waya wake una rangi gani, sindano ya mega imesimama wapi. Mega, kwa asiyeijua, ni kile kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, kinachosukuma umeme mkali kwenye koili ili ujue kama unavuja. Sindano ikikaa juu, koili imehamiwa vizuri. Ikilala, kuna mahali umeme unatoroka. Nitakayowaeleza nimeyatoa humo. Pale ambapo daftari halikuandika kitu, nitawaambia.

Aliyenifundisha ni Mzee Anaeli, Mlutheri wa Machame, mrefu, mwenye kidole gumba kilichoungua mara nyingi hadi kikawa hakisikii moto. Alikuwa akikigusisha kwenye sufuria kama wengine wanavyogusa shavu la mtoto. Neno lake lilikuwa moja: "Usiamini kitu ambacho hujakinusa." Alinusa mota, alinusa waya, alinusa hata wateja. Mtu akiingia anadai mota yake imezima tu yenyewe, Mzee aliinama kidogo kama anayemsalimia, kisha akaniambia pembeni, "Huyu ameimwagia maji. Ananukia woga."

Nilipoanza kazi, vanishi ya kuhami koili ilikuwa haipatikani. Ukitaka lita moja uliandika barua, ikapigwa mhuri, ukasubiri, halafu ukaambiwa iliyokuja ni rangi ya milango. Mafundi wengine walipaka hiyo rangi ya milango, na mota zao ziliungua zikiwa na rangi nzuri. Mzee Anaeli alipika. Ujanani alifanya kazi kwenye mashine za shamba la mkonge, na huko alimwona fundi mmoja akipika vanishi kwenye sufuria wakati meli zilipochelewa. Hakufundishwa. Alichungulia. Alijivunia sana jambo hilo, na mimi nililiandika siku aliyoniambia bila kujua kwamba nitalirudia.

Sikilizeni namna ilivyopikwa. Ulimbo wa misonobari, ambayo kule Rongai wanaiita paini, ulikuja umefungwa kwenye majani ya mgomba. Tuliupasha moto, tukauchuja kwa gunia. Mafuta ya nyonyo yalipikwa peke yake, taratibu, muda mrefu, kwa sababu mafuta ya nyonyo mabichi hayakauki. Ukiyapaka leo, mjukuu wako atayakuta bado yanateleza. Yakishabadilika rangi na kuwa mazito, ndipo yanakutanishwa na ulimbo. Halafu chokaa laini, kidogo kidogo. Ulimbo una ukali kama wa ndimu. Ukiuacha hivyo hivyo unaila shaba, na baada ya miezi michache waya unaota kijani. Chokaa ndiyo inayoupoza.

Kujua kama imeiva hatukuwa na kipimo cha joto. Tulidondosha tone moja juu ya jani kavu la mgomba. Tone likizungukwa na mduara wa mafuta, bado. Likikaa peke yake kama ushanga, na ukilivuta kwa vidole likatoa uzi wa urefu wa kidole, epua haraka. Hapo koili inachovywa, inaning'inizwa, kisha inaokwa ndani ya pipa kwa moto mdogo mpaka usiku uingie.

Msidanganywe na anayewaambia kwamba kitu kikitoka kwenye mti basi hakina kasoro. Vanishi ile ililainika joto likizidi. Mota ya mashine ya kusaga, inayounguruma tangu asubuhi, tuliikataa au tulimwambia mwenyewe ukweli. Lakini kwa transfoma ndogo, za redio, za chaja, za stebilaiza, ilishika vizuri kuliko nyingi nilizoziona baadaye. Mteja mmoja alilalamika kwamba redio yake inanukia ubani wa kanisani. Mzee akamjibu, "Basi iwashe Jumapili tu."

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Ghafla maduka ya mjini yakajaa, na Tarakea, mpakani, siku ya soko ungepata kitu chochote ulichowahi kukiota. Hapo watu wakaanza kuona haya kwa ajili yetu. Waliingia karakana, wakaiona sufuria, wakauliza kwa sauti ya kuhurumia, "Mzee, bado mnapika?" Siku moja baada ya mteja wa namna hiyo kuondoka, Mzee aliikoroga sufuria, kisha akasema, "Binti, tukiitia hii kwenye kopo lenye maandishi wasiyoweza kuyasoma, watalibusu."

Nilicheka. Niliandika pia, kwa sababu niliandika kila kitu.

Kosa langu lilitokea mwaka huohuo. Mzee alikuwa amepanda Rongai kufuata ulimbo. Mimi nilibaki na debe zima la vanishi motoni, limefika mahali pa kutiwa chokaa, nami nikakuta kopo la chokaa ni tupu. Ukisubiri, vanishi inaganda na kazi yote inapotea. Nyuma ya karakana Mama Ndeshi, mke wa Mzee, alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage. Juu ya benchi alikaa Pantaleo, mfanyabiashara wa Rombo aliyekuwa akishuka na mizigo kutoka Tarakea. Alikuwa anasubiri redio yake.

Ninyi mliokulia mlimani mnajua jikoni kwetu. Maharage yakigoma, tunatia magadi. Mboga ikiwa ngumu, magadi. Nikajiambia: chokaa ni unga mweupe unaopoza ukali, na magadi ni unga mweupe unaopoza ukali.

"Mama, nisaidie magadi kidogo," nikaita.

"Unapika nini huko, vanishi au kiburu?"

"Vanishi, Mama. Imegoma."

"Magadi hayajawahi kushindwa," akasema, akanipa bakuli lote.

Pantaleo alikuja kuchungulia. "Tia na chumvi, dada Manka, tulete sahani."

Ilifura, ikang'aa. Sijawahi kuona vanishi nzuri kama ile. Ilikauka haraka, ikawa na mng'ao wa chombo cha dukani. Nilichovya koili moja ya majaribio, nikaioka, nikapima kwa mega: sindano ilipanda mpaka juu. Nilijiona nimemshinda mwalimu wangu. Asubuhi ya pili ukungu ulishuka mpaka mjini. Nikapima tena, sindano ikalala chali.

Mzee aliporudi aliichukua ile koili, akaitumbukiza kwenye maji, akaisugua kwa vidole. Likatoka povu jeupe, zuri.

"Binti," akasema, "umetupikia sabuni."

Alicheka mpaka akakohoa. Alinawa mikono kwa koili yangu, akamwonyesha mkewe. "Na inatakasa kweli!" Kisha uso ukabadilika. "Hii inavuta unyevu wa hewa kama chumvi. Isiingie kwenye kifaa cha mtu yeyote. Niachie debe. Nitakwenda kulimwaga mwenyewe kwenye shimo."

Katika daftari nimeandika: debe moja, limetiwa magadi, limeharibika, Mzee amesema atalimwaga. Sikuandika kwamba limemwagwa, kwa kuwa sikuona likimwagwa.

Sasa turudi kwenye kopo.

Juu ya Kilema kuna kijiji ambacho jina lake nitalihifadhi, chenye zahanati yenye friji ya chanjo. Umeme wa mlimani ulikuwa unapanda na kushuka kama mlevi wa mbege, kwa hiyo friji ilikingwa na stebilaiza. Transfoma ya stebilaiza hiyo ilikufa. Katibu wa kamati, Mwalimu Kasiani, mstaafu mwenye suruali iliyonyooshwa na ulimi ulionyooshwa zaidi, aliileta mwenyewe Njoro. Alileta na kopo la vanishi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Kamati imeamua. Hatutaki ile yenu ya jani la mgomba. Mtatumia hii. Nimenunua mawili kwa Pantaleo. Hili ni la kazi, la pili nimelifungia kwenye kabati la zahanati kwa matengenezo ya baadaye."

Mzee alilipokea kopo kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mgeni asiyemtaka. "Sawa, Mwalimu. Chanjo ni za watoto wenu."

Juma hilo nilikuwa Kilema kwenye msiba wa shangazi yangu. Niliporudi nilikuta transfoma imeshasukwa, imeokwa, imechukuliwa. Kopo tupu Mzee alikuwa amelikata kutengeneza faneli, kama alivyofanya kwa makopo yote. Sikuliona likiwa na kitu ndani.

Masika yakaanza. Juma la tatu la mvua transfoma ikapiga shoti. Hakuna aliyejua mpaka asubuhi, na chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Akina mama waliotoka migombani na watoto mgongoni walirudishwa. Kamati ikatuita.

Tulipanda mimi na Mzee kwa miguu kutoka mahali barabara ilipokatika. Utelezi ulikuwa mkubwa, nikawa namtangulia ili nisione uso wake nikimwuliza.

"Mzee, ulitumia kopo lao?"

"Nililitumia."

"Lilikuwa linanukaje?"

Nilisikia akichomoa mguu kwenye tope. "Nilikuwa na mafua, binti."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika hata siku alizokohoa, kwa sababu moshi ulikuwa unamdhuru. Kabla ya msiba sikuwa nimeandika mafua. Siku nne sikuwepo. Mafua huja na kwenda. Lakini nitawaambia wazi: nilimshuku. Nilidhani ameliweka kando kopo la wenyewe na kupaka ya kwetu, kwa kiburi tu, ili siku moja awaambie kwamba friji yao imelindwa na jani la mgomba.

Chumbani Mwalimu Kasiani alikuwa ameiweka transfoma iliyoungua juu ya meza, kama maiti inayosubiri kutambuliwa.

"Inuseni," akawaambia wajumbe. Ikapitishwa mkono kwa mkono. "Huo ni ulimbo. Mzee Anaeli umelila kopo letu, ukatupaka utomvu."

"Nilipaka mlichonipa," Mzee akasema.

"Basi kamati itaandika barua. Itakwenda kila zahanati ya mlimani, kila shule, kila parokia, kwamba karakana yako isipewe kazi yoyote. Na sababu tutaieleza."

Mjue maana ya barua hiyo. Kazi ya vijijini ndiyo iliyokuwa imebaki, mjini walishatukimbia. Na kwa mtu wa umri wa Mzee, hilo jina lililokuwa linakwenda kuandikwa pale lilikuwa ndiyo mali yake yote.

Mama mmoja kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto amefungwa mgongoni. "Mimi nimepanda na kushuka mara mbili na huyu," akasema. "Sitaki kujua habari za harufu. Nataka kujua friji itawaka lini."

Ndipo nilipoomba kopo la pili.

Mwalimu alivua ufunguo uliokuwa umefungwa kwa uzi shingoni, akafungua kabati, akalileta. Mengine ya wakati huo mnayajua: bisibisi, mfuniko, nikanusa. Nikampa Mwalimu anuse. Alirudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Kisha akatunyooshea kidole.

"Kumbe! Kumbe ndio ninyi mnaoyajaza makopo haya!"

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Nilimtazama Mzee nikitarajia acheke, au akasirike. Alikuwa anaitazama karatasi ya picha ya radi.

Niliomba bakuli la maji ya mvua. Nilidondosha vanishi ya kopo kwenye waya, nikaukausha juu ya jiko la muuguzi, nikautia majini, nikausugua. Povu. Nikabandua kipande ambacho hakikuungua kwenye transfoma yao, nikakifanyia vilevile. Povu. Mwishoni nikatoa mfukoni kipande cha koili yetu, kilichopakwa vanishi ya chokaa, nilichokuwa nimekichukua karakana asubuhi bila kumwambia Mzee. Nilikisugua mpaka vidole vikauma. Maji yalikaa juu yake kama umande kwenye jani la gimbi.

"Maana yake nini?" akauliza Mwalimu.

"Maana yake Mzee alipaka mlichompa. Kilichomo kwenye kopo lenu na kilichoungua ni kitu kimoja. Kimetiwa magadi. Yetu ina chokaa."

"Ni mwendawazimu gani anatia magadi kwenye vanishi?"

Mzee Anaeli alinigeukia, akasema kwa Kichagga, taratibu, "Manka, nyamaza."

Wakati ule nilidhani ananilinda. Ningenyamaza, kamati ingeondoka na shaka lake: harufu ni ya Mzee, makopo ni ya Mzee. Nikisema, shaka lingenihamia mimi. Nilisema. Niliwaeleza juu ya kopo la chokaa lililokuwa tupu, kiburu, bakuli la magadi. Wazee wawili walicheka. Mwalimu Kasiani hakucheka.

"Kwa hiyo aliyejaza makopo ni wewe, au mtu aliyekuona."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na sisi tutajuaje kwamba hiyo ya chokaa ni nzuri? Kwa maneno yako?"

Nilimwambia asiamini maneno yangu. Tulichovya koili mbili, moja kwa kopo na nyingine kwa vanishi yetu niliyoileta kesho yake, tukazioka mbele yake. Yeye mwenyewe alizifunga kwa uzi, akadondosha nta ya mshumaa kwenye mafundo, akaigonga mhuri wa kamati. Zikaning'inizwa chini ya upenu wa paa la zahanati, juma zima la mvua na ukungu. Baadaye muuguzi aliniambia Mwalimu alikuwa anapita kila jioni na mwavuli kuzihesabu, kana kwamba zingezaa.

Siku ya kupima, Mwalimu alimkataza Mzee kushika mega. "Nipe mimi nizungushe."

"Zungusha, Mwalimu," akasema Mzee, "lakini usiguse hizo ncha za nyaya zake."

"Nimefundisha sayansi miaka mingi kabla hujaniona."

Akazungusha kwa mkono mmoja, akashika ncha kwa mwingine ili aziweke sawa. Aliruka, kofia ikaanguka kwenye tope. Yule mama wa mlangoni alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mwalimu, leo umefundishwa!" Mwalimu alipopata pumzi alipima tena, safari hii kwa adabu. Koili ya kopo: sindano ililala kabla hajamaliza mzunguko. Yetu: ilipanda, ikakaa. Alibadilisha ncha, akapima tena. Alimwita muuguzi apime. Sindano ikakaa palepale.

Barua haikuandikwa. Transfoma ilisukwa upya, Mzee akaipaka vanishi yetu huku Mwalimu Kasiani amekaa kwenye kigoda karakana, kutwa nzima, macho kwenye sufuria. Friji ikawaka kabla mwezi haujaisha. Nilipostaafu transfoma hiyo ilikuwa bado inafanya kazi, na jina la Mzee Anaeli mlimani lilitajwa kwa heshima mpaka alipofariki.

Kwa hiyo vijana, fanyeni hivi. Kopo lolote, liwe la kiwandani au la jirani, liwe limeandikwa limetokana na mimea au na mafuta ya ardhini, dondosha kwenye waya, kausha, loweka, sugua. Likitoa povu, fua nalo nguo. Halafu iache koili kwenye unyevu siku kadhaa kabla ya kumpa mtu. Sindano ya siku ya kwanza ni mwongo. Mimi iliniambia nimemshinda mwalimu wangu.

Yaliyobaki si ya ufundi, lakini yamo kwenye daftari.

Nilimngoja Pantaleo mpaka aliposhuka tena. "Makopo yale uliyapata wapi?"

"Dada Manka, mimi nauza kopo. Kilichomo ndani ni cha aliyejaza."

"Na aliyejaza ni nani?"

"Tarakea siku ya soko mtu hana jina. Ana turubai, amepanga vitu. Ningemwuliza kitambulisho?"

"Ulikuwepo siku niliyotia magadi."

"Nilikuwepo. Na Mama alikuwepo. Magadi yalikuwa ya nani?" Akatabasamu, akachukua mzigo wake.

Alikuwa na haki. Waliojua habari ya magadi, ukiniondoa mimi, walikuwa watatu: Pantaleo, Mama Ndeshi na Mzee. Na debe zima lilikuwa limeondoka karakana, likiwa limejaa, mkononi mwa mmoja wao.

Nilikwenda kuliangalia shimo. Lilikuwa limejaa majivu na maganda. Nilichokonoa kwa fimbo mpaka nilipochoka. Sikuona mng'ao wowote, lakini mvua za msimu mzima zilikuwa zimeshapita, na sabuni huyeyuka.

Miezi michache baadaye Mzee alikwenda Tarakea bila kuniaga. Alirudi jioni, viatu vimejaa vumbi jekundu, hana mzigo.

"Ulikwenda kufanya nini, Mzee?"

"Kuangalia."

"Ukaona nini?"

"Watu," akasema, akaomba sufuria. Makopo yenye picha ya radi hayakuonekana tena Moshi.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi kunilaumu kwa kusema mbele ya kamati, wala hakuwahi kunishukuru. Nami sikumwuliza tena.

Tulipokwisha kumzika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, Mama Ndeshi aliniita ndani, akanipa mega ikiwa kwenye kisanduku chake cha mbao. "Alisema ni yako." Nilipofika nyumbani niliitoa ili niisafishe. Chini yake, kati ya ubao na kitambaa, kulikuwa na karatasi ya kopo: picha ya radi, maandishi yaleyale ya kigeni. Haikuwa na kunjo la duara, haikuwa na kutu, haikuwa imechanika kama karatasi iliyobanduliwa. Ilikuwa haijawahi kubandikwa popote.

Huenda aliipata Tarakea siku ile, kwa aliyekuwa anajaza, akaiweka kama ushahidi. Huenda ilikuwa mle kisandukuni kabla ya hapo, tangu lile debe lilipoondoka karakana. Nilimpelekea Mama Ndeshi. Aliitazama muda mrefu, akasema hajui kusoma lugha hiyo, akaenda kugeuza kuni.

Ninayo hapa mezani ninapoandika. Jana niliilowesha pembe moja kwa ulimi na kuibonyeza kwenye daftari. Gundi bado inashika.